Kila Mtunzaji na Ufunguo Wake: Historia ya Programu Kubwa za Kompyuta

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Walimu mlio madarasani, nawaombeni muwe na chaki tayari, maana leo iko hesabu moja ndogo ya kuandika ubaoni. Nanyi wanafunzi, fungueni madaftari yenu ukurasa mtupu.

Historia tuliyoizoea ni ile ya wafalme, vita na misafara ya biashara. Leo nataka kuwaelezeni historia ya namna nyingine, yaani historia ya wazo. Wazo hili lilizaliwa katika nchi ya Norwei, huko kaskazini mwa Ulaya, katika miaka ya 1960. Leo limo ndani ya simu nyingi ambazo watu hutembea nazo mfukoni. Wazo lenyewe lajibu swali hili: Kazi ikiwa kubwa mno, hata hakuna mtu mmoja awezaye kuishika yote kichwani mwake, yawezaje kufanywa bila kuharibika?

PROGRAMU NI NINI

Tuanze na maana ya maneno. Kompyuta ni mashine ya kuhesabu na kutunza habari. Mashine hiyo haijui la kufanya mpaka iamriwe. Hufanya yale tu iliyoamriwa, kwa taratibu ile ile iliyoamriwa. Amri hizo zikiandikwa moja baada ya moja, huitwa programu.

Programu ndogo ni kama maagizo ya mtoto anayetumwa dukani: nenda, nunua chumvi, hesabu chenji, rudi. Mtu mmoja aweza kuyaandika maagizo hayo na kuyakagua kabla chai haijapoa. Lakini ziko programu zenye amri maelfu na maelfu, na nyingine zina mistari milioni kadhaa. Programu ya namna hiyo huandikwa na watu wengi, kwa miaka mingi. Aliyeandika sehemu ya kwanza huenda amekwisha ondoka kazini kabla ya sehemu ya mwisho kuandikwa.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Zamani amri zote za programu ziliweza kuzifikia habari zote zilizotunzwa. Amri iliyo mwanzo iliweza kubadilisha hesabu inayotumiwa na amri iliyo mwisho. Mtu akirekebisha kosa mahali pamoja, aliweza kuzaa makosa mengine mahali asipopajua kabisa.

HESABU YA UBAONI

Sasa mwalimu, tafadhali andika. Watu 2 wakifanya kazi pamoja, iko njia 1 tu ya kusemezana, kati ya huyu na yule. Watu wakiwa 3, njia ni 3. Wakiwa 4, njia ni 6. Wakiwa 10, njia ni 45. Wakiwa 100, njia ni 4,950.

Kanuni yake ni hii. Chukua idadi ya watu, izidishe kwa idadi hiyo iliyopunguzwa moja, kisha gawanya kwa mbili. Kwa watu 10, ni 10 mara 9, ambayo ni 90. Ukigawanya kwa mbili, wapata 45.

Tazameni jambo hili vizuri. Watu wameongezeka kutoka 10 mpaka 100, yaani mara kumi. Lakini njia za kusemezana zimeongezeka zaidi ya mara mia. Na kama ilivyo kwa watu, ndivyo ilivyo kwa sehemu za programu. Kila sehemu ikiruhusiwa kuingilia mambo ya kila sehemu nyingine, njia za kuharibu zazidi upesi kuliko sehemu zenyewe.

Jambo hili lilionekana wazi katika Marekani. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta zake mpya zilizoitwa System/360. Programu kuu ya kuziendesha iliitwa OS/360, na mkuu wa kazi hiyo alikuwa Bwana Frederick Brooks. Kazi ilipopamba moto, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wakiishughulikia. Hata hivyo ilichelewa, na ilipotoka ilikuwa na makosa mengi. Mwaka 1975 Bwana Brooks alitoa kitabu chake. Ndani yake alieleza kwamba ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha chelewa, utaichelewesha zaidi. Wageni huhitaji kufundishwa, na wenyeji wapaswa kuacha kazi ili wawafundishe. Tena njia za kusemezana huongezeka, kama tulivyohesabu ubaoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1968, wataalamu kama 50 kutoka nchi 11 walikutana katika mji wa Garmisch, Ujerumani. Walikubali waziwazi kwamba programu kubwa zilikuwa zimewashinda watu. Mmoja wao alikuwa Bwana Edsger Dijkstra, Mholanzi. Yeye aliwahimiza wenzake kwa miaka mingi wakumbuke kwamba akili ya binadamu ina mpaka wake, na kwamba mtu mwenye busara huipanga kazi ilingane na mpaka huo.

WATU WAWILI WA OSLO

Kumbe dawa moja ilikuwa imekwisha anza kutengenezwa, na waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wakitafuta kitu kingine.

Katika mji wa Oslo, Norwei, walikuwako mabwana wawili, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl. Bwana Nygaard alikuwa mtaalamu wa hesabu. Mwaka 1948 alianza kazi katika taasisi ya uchunguzi wa mambo ya ulinzi, na mwaka 1960 alihamia kituo cha kompyuta cha nchi hiyo. Kazi yake ilikuwa kuchungua namna shughuli kubwa zinavyokwenda: watu wanaopanga foleni, mizigo inayosubiri, mashine zinazosubiriana. Alitaka kuiigiza shughuli ndani ya kompyuta, ili ajue mapema litakalotokea, kabla ya kutumia fedha na jasho la watu.

Kwa ajili hiyo Nygaard na Dahl walitunga lugha ya kuiandikia kompyuta amri. Waliiita Simula, jina litokanalo na neno la kuigiza. Mwanzoni, katika mwaka 1962, waliifikiri dunia kuwa vituo na wateja. Vituo ndivyo vilivyofanya kazi, na wateja walipitishwa tu kutoka kituo kimoja mpaka kingine, kama magunia. Baadaye waliona kwamba hata mteja ana mambo yake: amekuja saa ngapi, anataka nini, atafanya nini akimaliza. Wakaanza kumwandika kila mmoja, mteja na kituo, kuwa na habari zake na matendo yake pamoja.

Simula ya kwanza ilikuwa tayari mwanzoni mwa mwaka 1965. Mwaka 1967 ilitoka Simula ya pili, iliyoitwa Simula 67, na ndiyo iliyobeba wazo letu la leo kwa ukamilifu.

MFANO WA CHAMA CHA USHIRIKA

Ili tulielewe wazo hilo, tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba.

Fikirini chama kisicho na utaratibu. Ghala halina mlango. Sanduku la fedha liko mezani, wazi. Daftari la mizani liko chini ya mti, na yeyote aweza kuandika ndani yake. Labda wanachama wote ni waaminifu. Lakini jioni ikifika, nani atajua ni magunia mangapi yameingia na ni fedha kiasi gani zimetoka? Na hesabu ikikataa, mtaanza kuuliza wapi, wakati kila mtu amegusa kila kitu?

Sasa fikirini chama chenye utaratibu. Yuko karani wa mizani, yuko mtunza ghala, yuko mtunza hazina. Kila mmoja ana daftari lake na ufunguo wake. Mkulima akitaka malipo, haingizi mkono sandukuni. Huenda dirishani na kutoa hati yake. Mtunza hazina huangalia hati, hulipa, na huandika. Hesabu ya fedha ikikataa, twajua mlango wa kubisha.

Katika programu za namna ya Simula 67, kila mtunzaji wa namna hii huitwa kitu. Kitu kina habari zake, na kina orodha ya maombi kinayoyakubali. Wengine huleta maombi dirishani. Jambo la kulifunga daftari kabisa, hata asiyehusika asiweze kulifikia, lilikamilishwa na watu waliofuata.

Wazo la pili ni kiolezo. Fundi cherehani akiwa na kiolezo kimoja cha shati, aweza kushona mashati mia. Vivyo hivyo, mwandishi wa programu huandika kiolezo kimoja cha mteja, na kompyuta huumba wateja mia kwa kiolezo hicho.

Wazo la tatu ni urithi. Chukueni magari yanayopita katika daraja la kulipia ushuru. Gari lolote lina namba, na lapaswa kulipa. Lori ni gari, ila lina tani za mzigo. Basi ni gari, ila lina viti vya abiria. Basi hatuna haja ya kuandika habari ya namba mara tatu. Twaandika kiolezo cha gari mara moja. Kiolezo cha lori na cha basi hurithi yaliyomo, kisha huongeza yao. Tena mtoza ushuru huuliza swali moja tu: "Ushuru wako ni kiasi gani?" Lori hujibu kwa tani, basi hujibu kwa viti. Siku ikija namna mpya ya gari, mtoza ushuru hahitaji kufundishwa upya.

WAZO LASAFIRI

Bwana Alan Kay wa Marekani alikutana na Simula mwaka 1966. Alikuwa amesoma mambo ya viumbe hai, na alijua kwamba mwili umefanywa kwa chembe nyingi sana. Kila chembe ina ngozi yake, huyaficha ya ndani, na hupelekeana habari na chembe nyingine. Aliona programu nayo ifanywe vivyo hivyo. Tangu mwaka 1972, katika kituo cha uchunguzi cha kampuni ya Xerox, mjini Palo Alto, California, yeye na wenzake kama Dan Ingalls na Adele Goldberg walitengeneza lugha ya Smalltalk. Waliijaribu hata kwa watoto wa shule.

Mwaka huo huo wa 1972, Bwana David Parnas aliandika makala fupi yenye maana kubwa. Aliuliza: tukigawanya programu, tuigawanye kwa kufuata nini? Wengi walifuata hatua za kazi: kwanza hili, halafu lile. Parnas alisema, hapana. Tazameni yale yanayoweza kubadilika siku za mbele, na kila moja la namna hiyo lifungiwe ndani ya sehemu yake. Katika mfano wetu, mtunza hazina akiacha daftari la karatasi na kuanza kutumia mashine, mkulima aliye dirishani asihitaji kujua. Hati ni ile ile, na dirisha ni lile lile.

Bwana Bjarne Stroustrup wa Denmark alitumia Simula alipokuwa akisoma Cambridge, Uingereza. Mwaka 1979, akiwa Bell Laboratories huko Marekani, alianza kutunga lugha ambayo tangu mwaka 1983 yaitwa C++. Mwaka 1995 kampuni ya Sun ilitoa lugha ya Java. Programu nyingi za simu za Android zimeandikwa kwa Java, au kwa lugha ya Kotlin iliyoifuata. Hivyo ndivyo wazo la Oslo lilivyofika mfukoni.

ROKETI ILIYOPASUKA

Ndugu wasikilizaji, msidhani kwamba kugawa kazi na kufunga milango kulimaliza shida zote. Sikilizeni habari ya roketi ya Ariane 5.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi hiyo mpya ya nchi za Ulaya ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa. Ilibeba satelaiti 4 za uchunguzi. Baada ya sekunde 40 hivi, ilipinda ghafla, ikavunjika na kulipuka. Kwa bahati njema haikuwa na mtu ndani.

Tume iliundwa, ikiongozwa na Bwana Jacques-Louis Lions, Mfaransa, bingwa wa hesabu. Ikagundua chanzo. Sehemu ya programu iliyoisaidia roketi kujua mwelekeo wake ilikuwa imechukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4. Katika Ariane 4 ilifanya kazi vizuri, kwa hiyo haikubadilishwa. Sehemu hiyo ilikuwa na namba moja iliyopaswa kuandikwa katika nafasi ndogo, isiyoweza kupokea zaidi ya 32,767. Ni kama daftari lenye safu ya tarakimu tatu: waweza kuandika 999, lakini 1,000 haiingii. Ariane 4 haikufika huko. Lakini Ariane 5 ilishika njia nyingine, na mwendo wake wa kwenda upande ulikuwa mkubwa zaidi. Namba ikajaa, ikafurika. Mashine ya mwelekeo ikajizima. Ile ya akiba nayo ilikuwa imekwisha jizima, kwa maana ilibeba programu ile ile na kosa lile lile.

La kusikitisha zaidi ni kwamba wakati huo hesabu ile haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5. Iliachwa iendelee kwa sababu Ariane 4 iliihitaji.

Je, kosa lilikuwa la nani? Namba za hatari zilikuwa 7. Mafundi walizilinda 4 na kuziacha 3, kwa kuwa waliamini kwamba hizo hazingeweza kuzidi mpaka wake. Kwa Ariane 4 waliamini sawasawa. Lakini sababu ya kuamini hivyo haikuandikwa mahali ambapo mwenye kuichukua sehemu ile angeiona. Mlango ulifungwa vizuri, bali dirishani hapakuandikwa: "Hapa hupokelewa mpaka kiasi hiki tu."

Programu hiyo haikuandikwa kwa lugha ya Simula. Lakini fundisho lake lawahusu wote wanaojenga kwa vipande. Bwana Bertrand Meyer, Mfaransa, alikuwa amekwisha kulieleza tangu miaka ya 1980, akatunga lugha ya Eiffel kwa ajili yake. Alisema kati ya vitu viwili pawe na mapatano yaliyoandikwa: mwombaji alete nini, na mtunzaji aahidi nini. Kuficha yaliyo ndani ni vizuri. Kuficha masharti ni hatari.

Urithi nao ulitumiwa kupita kiasi. Watu walijenga violezo juu ya violezo, ngazi saba au nane, mpaka mtu hakuweza kujua ombi lake lajibiwa na nani. Mwaka 1994 mabwana wanne, Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, waliandika kitabu wakishauri watu wapende zaidi kuunganisha vitu vidogo kuliko kurefusha ukoo. Hata ushirika, ukiwa na makarani wengi kuliko wakulima, hauendi mbele.

NYGAARD NA WAFANYAKAZI

Habari yetu yabakiza jambo moja, nalo latugusa sisi tulio madarasani.

Miaka ya mwisho ya 1960, Bwana Nygaard aliona kwamba chombo alichokitunga kilikuwa kikitumiwa kupanga kazi za watu viwandani. Wenye viwanda walikuwa na wataalamu wa kuwaelezea mipango hiyo. Wafanyakazi, ambao maisha yao yalikuwa yakipangwa, hawakuwa na wa kuwaelezea. Basi mapema katika miaka ya 1970 alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei. Vitabu vya mafunzo viliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi. Wao wenyewe walikutana, wakasoma, wakajadili ni mashine gani zaja kiwandani na zitafanya nini. Mwaka 1975, shirikisho la wafanyakazi na shirikisho la waajiri wa nchi nzima walifanya mapatano juu ya kompyuta, yakiwapa wafanyakazi haki ya kuarifiwa na kutoa maoni yao.

Nygaard na Dahl walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika elimu ya kompyuta. Wote wawili walifariki mwaka 2002, Dahl mwezi wa Juni na Nygaard mwezi wa Agosti.

Ndugu zangu, si lazima kila mmoja wetu awe mwandishi wa programu. Lakini mshahara, mkopo, bima na hesabu ya mazao siku hizi hupita katika madirisha ya vitu hivi. Ukiambiwa "mashine imekataa," kumbuka kwamba mashine haikatai kwa hiari yake. Yako masharti yaliyoandikwa na mtu. Una haki ya kuuliza kwa upole masharti hayo ni yapi, na nani ameyaandika. Na ili uulize, yakupasa kwanza ujue kusoma jibu.

Mwalimu, maswali ya kuzungumza ni haya:

1. Watu 20 wakifanya kazi pamoja, njia za kusemezana ni ngapi?

2. Katika chama chenu au shule yenu, ni nani wanaoshika funguo, na maombi hupelekwa kwao kwa utaratibu gani?

3. Mafundi wa Ariane 5 walichukua sehemu iliyofanya kazi vizuri hapo zamani. Walipaswa kuuliza nini kabla ya kuitumia?

4. Kwa nini wafanyakazi wa Norwei walitaka kusoma habari za kompyuta?

Jibu la swali la kwanza, kwa watakaotaka kujisahihisha, ni 190. Mengine mtayapata kwa kujadiliana. Kwaherini, na tuonane katika somo lijalo.